Frances Perkins: Mwanamama aliyewawekea Wamarekani kinga ya kukosa ajira

JUMATATU ya Septemba 6, mwaka 2021, Marekani ilikuwa katika mapumziko ya sikukuu yake ya wafanyakazi. Siku hiyohiyo watu zaidi ya milioni 7, ambao janga la Uviko-19 lilikuwa limewanyang'anya kazi au kuwazuia kupata nyingine, walifikia ukomo wa fedha walizokuwa wakilipwa na serikali kila wiki.

Wenzao wengi walikuwa wamekwisha kukatiwa mapema zaidi. Katika takriban nusu ya majimbo ya nchi hiyo, magavana walisitisha sehemu au malipo yote ya dharura kati ya Juni na Julai mwaka huo. Mhudumu wa hoteli wa Texas alikatiwa mwishoni mwa Juni; mhudumu wa hoteli wa New York, aliyepoteza kazi ya aina ileile, kwa ugonjwa uleule, aliendelea kulipwa hadi Septemba.

Chanzo cha tofauti hiyo hakipatikani katika siasa za mwaka 2021 peke yake. Kinarudi nyuma hadi Desemba mwaka 1934, kwenye kikao kilichofanyika usiku katika nyumba moja mjini Washington, nyumba ya mwanamama ambaye janga hilo lilipoingia Marekani alikuwa na karibu miaka 55 kaburini.

Huyo ni Frances Perkins, Waziri wa Kazi wa Rais Franklin Roosevelt na mwanamke wa kwanza kuwamo katika Baraza la Mawaziri la Marekani. Wizara aliiongoza kwa miaka 12, kuanzia 1933 hadi 1945, muda ambao hakuna aliyemfuata katika kiti hicho aliyeufikia.

Alizaliwa Aprili 10, mwaka 1880, mjini Boston, jimbo la Massachusetts, akapewa jina la Fannie Coralie Perkins. Alikulia Worcester, ambako baba yake alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia. Ilikuwa familia ya watu wenye uwezo wa wastani na wacha Mungu, na kama familia nyingi za aina hiyo wakati ule, iliamini kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu au ulevi wake.

Imani hiyo ilianza kuyeyuka alipokuwa Chuo cha Mount Holyoke, alikohitimu mwaka 1902. Masomo yake makuu yalikuwa ya sayansi, lakini mhadhiri wa historia ya uchumi aliwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kwenye viwanda vya jirani. Huko binti Perkins aliona jinsi mfanyakazi mwadilifu, asiyeonja pombe, anavyoweza kukatwa kidole na mashine leo na kesho akawa hana kazi wala senti.

Baada ya masomo alikwenda Illinois kufundisha, na siku za mapumziko akawa anajitolea Hull House, kituo mashuhuri cha kuhudumia maskini na wahamiaji mjini Chicago. Miongoni mwa kazi alizopewa mjini humo ni kuwaendea waajiri waliowadhulumu vibarua na kudai ujira wao. Ndiko pia alikoliacha jina la Fannie na kujiita Frances. Mwaka 1910 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kuajiriwa na chama cha kutetea wateja na wafanyakazi wa jiji hilo.

Jumamosi ya Machi 25, mwaka 1911, Perkins alikuwa akinywa chai kwa rafiki yake karibu na uwanja wa Washington Square pale king'ora cha moto kiliposikika. Alitoka mbio na kufuata moshi. Kiwanda cha nguo cha Triangle, kilichokuwa ghorofa ya nane hadi ya 10 ya jengo la jirani, kilikuwa kinateketea. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya sita. Washonaji, wengi wao wasichana wahamiaji, walikuwa wakijirusha madirishani. Watu 146 walikufa.

Maisha yake yote yaliyofuata Perkins aliyapima kwa siku hiyo. Aliingia katika kazi ya tume ya jimbo iliyochunguza viwanda, na mtindo wake ulikuwa wa kuwatoa wanasiasa ofisini. Alimpeleka Robert Wagner, aliyekuja kuwa seneta mwenye nguvu, kwenye kiwanda kimoja na kumtaka apenye kwenye tundu dogo ukutani lililoitwa njia ya kutokea wakati wa moto. Nje ya tundu hilo palikuwa na ngazi iliyoganda barafu. Sheria zaidi ya 30 za usalama kazini zilipitishwa New York katika miaka michache iliyofuata.

Mwaka 1913 aliolewa na Paul Wilson, mchumi aliyefanya kazi na meya wa New York. Aliendelea kutumia jina lake la kuzaliwa, jambo lililozua minong'ono. Binti yao, Susanna, alizaliwa mwaka 1916. Muda mfupi baadaye mume akaanza kuugua maradhi ya akili ambayo hayakumwacha tena hadi kifo chake mwaka 1952. Akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali, na akiba ya familia ikapotea. Tangu hapo mshahara wa mke ndio uliolisha nyumba.

Perkins hakulizungumza jambo hilo hadharani, na waandishi wa habari waliomsakama baadaye hawakulipata kwake. Lakini ni vigumu kuyasoma maisha yake bila kuona kwamba suala la nyumba iliyopoteza kipato ghafla, bila kosa la mtu, halikuwa kwake nadharia ya vitabuni.

Mwaka 1918, wakati matatizo hayo yanaanza, Marekani ilipigwa na homa ya mafua iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa 675,000 nchini humo. Katika miji mingi shule, kumbi na majumba ya sinema vilifungwa. Mfanyakazi aliyerudishwa nyumbani hakuwa na sheria hata moja, katika jimbo lolote, ya kumlipa kwa wiki alizokaa bila kazi.

Gavana Al Smith wa New York alimteua kuwa kamishna katika tume ya viwanda ya jimbo mwaka 1919. Roosevelt alipochukua ugavana mwaka 1929 alimkabidhi idara nzima ya kazi. Januari mwaka 1930, miezi michache baada ya soko la hisa kuanguka, Rais Herbert Hoover alitangaza kwamba ajira zinaongezeka. Perkins alizipitia takwimu, akaita waandishi na kusema kweli ni kinyume. Roosevelt alisoma habari hiyo gazetini kama watu wengine, na hakumkemea.

Mwaka uliofuata gavana huyo alimtuma Uingereza kujifunza bima ya kukosa ajira, ambayo Waingereza waliianzisha kwa sheria ya mwaka 1911. Aliikuta nchi katika msukosuko. Bima iliyokusudiwa kumsitiri mtu kwa wiki chache ilikuwa imeongezwa muda mara kwa mara katika miaka ya 1920, kwa sababu ukosefu wa kazi ulikuwa haukomi, hadi mpaka kati ya bima na msaada wa maskini ukafutika. Agosti mwaka huohuo wa 1931 serikali ya chama cha Labour ilivunjika baada ya mawaziri kushindwa kukubaliana juu ya kupunguza malipo ya wasio na kazi kwa asilimia 10.

Kwa hiyo Roosevelt, aliyeshinda urais, alipomwita nyumbani kwake New York mwezi Februari mwaka 1933 kumpa uwaziri, Perkins alikwenda na orodha. Ilikuwamo kazi ya saa 40 kwa wiki, kima cha chini cha mshahara, marufuku ya ajira za watoto, pensheni ya wazee na bima ya kukosa ajira. Alimweleza kwamba kama hayuko tayari kuyaunga mkono hayo, atafute mtu mwingine. Rais mteule alikubali. Wakati huo takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini hakuwa na kazi.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walinuna, kwa kuwa walitaka mtu wao na walitaka mwanamume. Yeye aliendelea kuvaa nguo zake nyeusi na kofia ya pembe tatu, mavazi aliyoyachagua kwa makusudi baada ya kubaini kwamba wanasiasa humsikiliza zaidi mwanamke anayewakumbusha mama zao.

Juni mwaka 1934 Roosevelt aliunda kamati ya mawaziri ya kuandaa mpango wa usalama wa uchumi, Perkins akiwa mwenyekiti. Suala lililowatesa lilikuwa hili: bima ya kukosa ajira iwe ya taifa zima, yenye kanuni moja, au kila jimbo liwe na yake?

Mpango wa taifa ulikuwa rahisi kuuendesha na wa haki kwa mfanyakazi, kwani njaa haibadiliki mtu akivuka mpaka wa jimbo. Lakini wajumbe waliogopa pande mbili. Bungeni, wakubwa wa majimbo ya Kusini hawakutaka Washington iwapangie viwango vya malipo. Na katika Mahakama Kuu, majaji walionekana kuwa tayari kufuta sheria yoyote iliyoipa serikali kuu madaraka mapya.

Kuhusu mahakama, msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa. Perkins alikuwa amealikwa chai nyumbani kwa Jaji Harlan Stone wa Mahakama Kuu. Alipomweleza hofu yake, jaji alimnong'oneza kwamba mamlaka ya serikali kuu ya kutoza kodi yangetosha kubeba jambo hilo. Waziri alirudi kwenye kamati na kuwaambia wajumbe wajenge sheria juu ya kodi, bila kuwataja waliompa wazo hilo.

Kuhusu majimbo, kamati ilibadili mawazo zaidi ya mara moja. Hatimaye, kama alivyosimulia baadaye, Perkins aliwaita wajumbe nyumbani kwake usiku mmoja wa Desemba, akakata simu, akaweka mezani chupa kubwa ya kileo na kuwaambia hawatatoka bila uamuzi. Walitoka saa nane usiku. Bima ingekuwa ya majimbo.

Ufundi wake ulikuwa wa aina yake. Serikali kuu ingetoza waajiri kodi juu ya mishahara wanayolipa, ikianza na asilimia moja mwaka 1936 na kufika asilimia tatu mwaka 1938. Lakini mwajiri aliye katika jimbo lenye sheria yake ya bima angesamehewa hadi asilimia 90 ya kodi hiyo. Jimbo lililokataa lisingepata chochote, na waajiri wake wangelipa vilevile. Kabla ya hapo ni Wisconsin pekee lililokuwa na sheria, ya mwaka 1932. Kufikia katikati ya mwaka 1937 majimbo yote yalikuwa nayo, na Mei mwaka huo Mahakama Kuu iliipitisha kodi hiyo kwa kura tano dhidi ya nne.

Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii Agosti 14, mwaka 1935. Katika picha maarufu ya siku hiyo Perkins amesimama nyuma ya Rais.

Sheria hiyo iliacha nje watu wengi. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani hawakuhusika, na kwa kuwa hizo ndizo kazi walizofanya Wamarekani weusi wengi wa Kusini, kinga hiyo iliwapita. Wizara ya Fedha ilidai kwamba kodi ya watu hao isingeweza kukusanywa. Perkins alitaka waingizwe, akashindwa. Makundi hayo yalisubiri hadi sheria ya mwaka 1976 ndipo sehemu yao ikaingizwa. Waliojiajiri hawakuingizwa kabisa.

Kuna jambo jingine lililopotea njiani, nalo halitajwi sana. Ripoti ya kamati ya Perkins, ya Januari 1935, haikukusudia bima ya kukosa ajira isimame peke yake. Malipo yalikusudiwa kuwa ya wiki chache tu, kama ngao ya kwanza. Mtu akimaliza wiki zake bila kupata kazi, serikali ingempa kazi: barabara, shule, madaraja. Nusu hiyo ya pili haikufanywa kuwa sheria ya kudumu. Ilitekelezwa kwa miradi ya muda ya Roosevelt, ambayo mkubwa kati yake ulifungwa mwaka 1943 wakati vita ilipokuwa imemaliza uhaba wa kazi. Ngao ya kwanza ikabaki bila ya pili.

Pengo hilo lilionekana Perkins akiwa bado hai. Uchumi ulipoyumba mwaka 1958, watu wengi walimaliza wiki zao za bima na kubaki mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza Bunge likapitisha nyongeza ya muda. Likafanya hivyo tena mwaka 1961. Mwaka 1970 ikawekwa sheria ya kuongeza wiki ukosefu wa ajira ukipanda katika jimbo, lakini kila mtikisiko mkubwa uliofuata umelilazimu Bunge kukaa upya, kujadili upya, na kuweka tarehe mpya ya mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, kwa kishindo kisichowahi kuonekana. Katika wiki moja ya mwishoni mwa Machi watu zaidi ya milioni 6 waliomba mafao kwa mara ya kwanza. Machi 27 Rais Donald Trump alitia saini sheria iliyoongeza dola 600 kwa wiki juu ya malipo ya jimbo, ikaongeza wiki 13 kwa waliomaliza muda wao, na kuwafungulia mlango waliojiajiri, wakiwamo madereva wa teksi za mtandaoni na vinyozi.

Kiwango hicho kimoja kwa wote kilitokana na ufundi wa mwaka 1934. Wabunge walitaka kumfidia kila mtu kiasi kinachokaribia mshahara alioupoteza. Wakaambiwa kompyuta za majimbo haziwezi kupiga hesabu hiyo, maana kila jimbo lilikuwa na mfumo wake na mingine ilikuwa ya miongo kadhaa. Gavana wa New Jersey alilazimika kuomba hadharani wajitokeze mafundi wanaojua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959. Kwa hiyo ikatafutwa nambari moja. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kwamba takriban theluthi mbili ya waliostahili walilipwa zaidi ya walichokuwa wakipata kazini, na hoja hiyo ndiyo iliyotumiwa kupinga malipo hayo kuendelea.

Dola 600 zilikoma mwishoni mwa Julai 2020. Hazikupunguzwa hatua kwa hatua, zilikoma. Agosti Trump alichota katika mfuko wa maafa na kutoa dola 300 kwa wiki chache. Kisha pengo tena, hadi sheria ya Desemba 27 iliyorudisha dola 300 mpaka Machi 14, 2021. Siku tatu kabla ya tarehe hiyo, Rais Joe Biden alisaini sheria iliyoongeza muda hadi Septemba 6. Wapo waliopendekeza malipo yafungwe na kiwango cha ukosefu wa ajira, yapungue yenyewe kadiri kazi zinavyorudi. Seneta Ron Wyden wa Oregon alikuwa mmoja wao. Bunge halikukubali, likabaki na kalenda.

Fedha hizo zilitoka Washington, lakini zilipitia mikononi mwa majimbo, na jimbo liliweza kujitoa. Magavana waliojitoa mapema walidai waajiri wamekosa watu. Hoja yao haikuwa ya bure, kwani biashara nyingi zilikuwa zikitafuta wafanyakazi wakati huo. Hata hivyo, utafiti wa wachumi waliofuatilia akaunti za benki ulionyesha kuwa katika kila watu wanane waliokatiwa mwezi Juni, takriban mmoja tu ndiye aliyepata kazi kwa sababu ya kukatiwa hadi kufikia mwanzoni mwa Agosti. Matumizi ya familia zao yalishuka kwa karibu asilimia 20. Upande wa pili, wakaguzi wa serikali walikadiria mwaka 2023 kwamba wizi katika malipo ya janga ulikuwa kati ya dola bilioni 100 na 135, hasara ambayo mifumo mibovu ya majimbo ilichangia.

Agosti 2021 serikali ya Biden iliyaambia majimbo kwamba yanaweza kuendeleza malipo kwa kutumia fedha nyingine za janga yaliyokwisha kupewa. Hakuna lililofanya hivyo. Makao makuu ya Wizara ya Kazi mjini Washington, ambako maelekezo kwa majimbo yalitolewa katika kipindi chote hicho, yaliitwa jina la Frances Perkins tangu mwaka 1980.

Mwenyewe hakuondoka madarakani kwa shangwe. Januari mwaka 1939 mbunge mmoja alileta hoja ya kumng'oa, akimtuhumu kukataa kumfukuza nchini Harry Bridges, kiongozi wa wafanyakazi wa bandari mzaliwa wa Australia. Kamati ya Bunge iliitupa hoja hiyo miezi miwili baadaye, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuchafuliwa. Roosevelt alipofariki mwaka 1945 alijiuzulu, akaandika kitabu juu ya rais huyo, akatumikia tume ya utumishi wa umma, kisha kuanzia mwaka 1957 akafundisha Chuo Kikuu cha Cornell. Akiwa na miaka 80 alikubali mwaliko wa kuishi katika nyumba moja na wanafunzi.

Alifariki dunia mjini New York Mei 14, mwaka 1965, akiwa na miaka 85, na kuzikwa Newcastle, jimbo la Maine, kando ya mumewe. Shamba la familia yake mjini humo lilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa Desemba mwaka 2024. Maine halikuwa miongoni mwa majimbo yaliyokata malipo ya janga mapema. Wiki ya mwisho ya kulipwa huko iliishia Jumamosi ya Septemba 4, 2021.